Shida Uliyoisema kwa Maombi

Mpendwa mdogo wangu Gathogo,

Najua barua hii haitakufika. Wewe uko Chaka, nyuma ya nyumba ya mama, pale upepo hauishi. Lakini naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu neno ninalotaka kusema nililificha mbele za watu na haifai nije kulifichua chumbani peke yangu. Ulikufa ukiitwa yule kijana aliyeua mgonjwa na kompyuta. Ulikuwa umenionya. Nilikusikia vizuri na haya masikio yangu mawili. Kisha nikakaa mbele ya kamati ya hospitali nikasema hukuniambia kitu.

Haya, nimesema. Sasa ngoja nieleze pole pole, maana unanijua mimi, nikianza na hasira huwa namaliza na hasira, na wenye kuumia ni wengine.

Unakumbuka kile chumba chetu juu ya duka la dawa za mifugo pale Nyeri mjini? Tulinuka dawa ya kuoshea ng'ombe hata Jumapili kanisani. Tulikuwa watatu: mimi niliyesomea kompyuta Nairobi nikarudi na kichwa kikubwa, wewe niliyekufundisha mwenyewe ukanipita kabla hata mwaka haujaisha, na Abdi, mtoto wa mfanyabiashara wa mbuzi wa Nanyuki, aliyekuwa anajua kufungua mashine na kuirudisha bila parafujo kubaki mezani. Watu watatu, kompyuta moja, viti viwili. Hospitali ya misheni ilikuwa imetupa kazi ya kuandika programu ya kuweka habari za wagonjwa, ili waachane na mafaili ya karatasi yaliyojaa panya.

Mimi nilitaka tufanye vile nilivyofunzwa: tuandike mpango mrefu, tujifungie mwaka mzima, tutoke na kitu kimekamilika. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Ati mwaka? Nyokabi, nani hupika githeri siku tatu bila kuonja?" Ukasema tuwe tunafanya kidogo kidogo, na kila Ijumaa tupeleke disketi hospitalini makarani wajaribu, watuambie chumvi imezidi wapi. Nilikataa kwa wiki mbili, kwa sababu lilikuwa wazo lako na si langu. Baadaye nikaanza kuwaambia watu ni langu.

Viti navyo vilituletea desturi nyingine. Kwa kuwa mmoja lazima angesimama, ulisema asubuhi tusimame wote, kila mtu aseme jana alifanya nini, leo anafanya nini, na ni nini kimemkwamisha, ndio chai imiminwe. "Mtu akikaa ataanza hadithi," ulisema. Ulikata maboksi ya mafuta ya kupikia, ukaandika kila kazi kwa kipande chake, ukavipigilia misumari kwenye ubao wa silingi bodi, ule wa dari: huku za kufanya, hapa zinazofanywa, pale zilizoisha. Abdi alipenda sana kusema "iko karibu kuisha." Ukamwambia, "Karibu ni ya wageni, bwana. Imeisha ama haijaisha?" Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuhamisha kipande kabla ya wakati.

Tulikuwa wazuri, mdogo wangu. Naomba hilo lisisahaulike. Abdi akikwama, uliketi naye kwa mashine, yeye anaandika na wewe unaangalia, na mlicheka sana huko. Katibu wa hospitali alipokuja na mambo mapya kila wiki, hukumkatalia wala kumkubalia. Ulimpa kipande cha boksi na kalamu, ukamwonyesha ubao, ukamwambia, "Andika, halafu chagua ni gani tutoe ndio hii iingie." Yule mzee alikuna kichwa, akarudisha kalamu, akaenda zake. Mimi niliona na nikajua una kipawa ambacho mimi sina. Badala ya kufurahi nikaona wivu. Mungu anisamehe, dada mkubwa kumwonea wivu mtoto aliyembeba mgongoni.

Halafu hospitali ikasema watafungua jengo jipya, wageni watatoka ng'ambo, na wanataka programu ikae tayari siku hiyo. Walisema hayo mbele yangu mimi peke yangu, na mimi peke yangu nikasema itakuwa tayari. Sikuwauliza ninyi wawili. Nilirudi kwa chumba chetu nikawaambia tarehe, ukaangalia ubao, ukaangalia mimi, ukasema tu, "Madam ameamua." Ulikuwa ukiniita Madam ukiwa umeudhika.

Hapo ndipo mambo yalianza kuharibika, na yaliharibika kwa mdomo wangu. Kila asubuhi tulisimama vile vile, lakini sasa nilikuwa nasimama kama askari wa kuangalia vitambulisho. Ukisema umekwama, nilikuuliza kwa nini. Ukisema unahitaji siku mbili, nilisema moja. Siku ile katibu alipokuwepo ukasema kuna jambo kwa upande wa majina linakusumbua, nilikukata mbele yake. "Kila siku wewe ni shida, shida! Uliajiriwa kuandika ama kulia?" Katibu akacheka, Abdi akaangalia viatu vyake, na wewe ukasema, "Iko sawa, Madam." Kuanzia siku hiyo kila kitu kilikuwa sawa. Nami kwa ujinga wangu nikaona nimerekebisha timu.

Jambo la majina lilikuwa hili. Wagonjwa walikuwa wanapoteza kadi zao za nambari, kwa hivyo programu yako ilimtafuta mtu kwa jina, kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Vitatu vikifanana, ilihesabu huyo ni mtu mmoja. Sasa kwetu mtoto hupewa jina la nyanya yake, na ukihesabu majina yetu ya wasichana, vidole vya mikono na miguu vinatosha. Wazee nao hawajui walizaliwa lini, na karani akichoka anawaandikia wote mwaka mmoja. Kijiji cha Wamagana pekee kina Wangari Ndirangu wangapi? Wewe uliliona hilo. Mtu aliyesoma Nairobi hakuliona.

Alhamisi kabla ya ufunguzi tulisimama kama kawaida. Nilikuuliza umekwama wapi, ukasema hujakwama. Tulikuwa na desturi ya kufunga mkutano kwa maombi kabla ya chai, na hiyo siku nikasema, "Gathogo, tuombee." Nilifumba macho. Naweza kurudia maneno yako hata leo, na ninayarudia kila siku.

"Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa hii siku. Tunaombea Abdi safari njema ya kwenda kwao. Na tunaombea, Baba, wale wagonjwa wako na jina moja na kijiji moja na mwaka moja, kwa sababu hii mashine inawaweka pamoja kama mtu mmoja. Wewe unawajua wote, Baba. Usikubali mtu apewe dawa ya mwingine. Utupatie siku kumi turekebishe. Tumeomba tukiamini."

"Amina," nikasema. Kwa sauti. Nikamimina chai.

Siku kumi ulizokuwa ukiomba zilikuwa mkononi mwangu, si mbinguni. Ulijua hivyo. Lakini ulilelewa vizuri, mtoto wa mwisho hamjibu mkubwa wake mbele ya watu, na mimi nilikuwa nimekufungia milango mingine yote. Ukatafuta mahali ambapo hata mimi singeweza kukukata, ukasema hapo. Nami nikafanya kile watu wetu hufanya mtu akiomba: tunasikia utamu wa sauti, tunaitikia, tunafungua macho na mambo yamekwisha, tumemwachia Mungu. Ni nani kwetu aliwahi kuinua mkono baada ya Amina aulize swali?

Abdi aliuliza. Abdi hakuwa akifumba macho, alikuwa anasimama tu kwa heshima na kusikiliza. Ulipotoka kwenda kuleta mandazi alinifuata mpaka dirishani.

"Madam, umeskia hiyo kitu amesema?"

"Kitu gani?"

"Ya majina. Amesema siku kumi."

"Abdi, hayo ni maombi. Wacha mtu aombe."

"Mimi sijui yenu inaendanga aje," akasema, "lakini hiyo ilikuwa ripoti."

Nikamwambia anywe chai. Nilijua anasema ukweli, Gathogo. Lakini nilikuwa nimeshanunua nguo ya kuvaa siku ya ufunguzi.

Ufunguzi ulikuwa mzuri. Wageni walipiga makofi, kwaya ikaimba, nikasimama kando ya kompyuta nikitabasamu kama bibi harusi. Ili ofisi ionekane safi, yale mafaili ya zamani yalikuwa yametiwa kwenye magunia na kufungiwa stoo ya nyuma. Ndani ya gunia mojawapo kulikuwa na faili ya Wangari Ndirangu wa Wamagana, na kwenye jalada lake daktari wa zamani alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba asipewe penisilini.

Wiki tatu baadaye mama huyo aliletwa na homa kali, hawezi kuongea, na jirani aliyemleta alijua jina lake na kwao basi. Karani akaandika, na mwaka akakisia. Skrini ikamleta Wangari Ndirangu mwingine, wa Wamagana hiyo hiyo, mwaka ule ule, asiye na neno lolote jekundu. Muuguzi alifanya vile skrini ilimwambia, akamdunga penisilini. Saa nne asubuhi mama alikuwa amekufa.

Nakumbuka tulivyoipata habari. Karani alipanda ngazi za duka akiwa amevua kofia, na kabla hajamaliza kusema ulikuwa umeketi chini sakafuni. Si kwa kiti. Sakafuni. Ulisema, "Ni majina." Hukuniangalia hata kidogo, na nilishukuru kwamba hukuniangalia.

Kamati ilituita sisi wawili. Abdi hakuitwa, na sikusema aitwe. Mwenyekiti aliuliza ni nani aliandika sehemu ya kutafuta wagonjwa. Nikasema ni Gathogo. Hilo lilikuwa kweli. Kisha yule daktari mwenye miwani akaniuliza mimi, "Je, alikuwa amekuambia kuna tatizo?"

Nilikuwa na nafasi, mdogo wangu. Meza ilikuwa ndefu, saa ya ukutani ilikuwa inagonga, kila mtu alikuwa ananisubiri mimi. Na shetani akaniletea hesabu nzuri sana kichwani: alimwambia Mungu, hakukuambia wewe. Nikasema, "Hapana. Hakuniambia."

Daktari akakugeukia. "Ni kweli?"

Ukanitazama kwa mara ya kwanza tangu mama yule afe. Haukuwa mtazamo wa hasira, hasira ningeiweza. Ukasema, "Ni kweli. Sikumwambia." Ukanyoosha mikono mezani kama mtu anayesubiri kufungwa pingu.

Walisema hawatapeleka jambo mbele zaidi kama utaondoka. Ukaondoka. Abdi akarudi Nanyuki kwa mbuzi za baba yake. Alikuja kuchukua vitu vyake. "Wewe uliskia na mimi niliskia," alisema, akafunga begi lake. Nikamfokea kwamba hajui mambo ya kanisa. Tazama mtu alivyo, hata aibu ikimfika shingoni bado anatafuta wa kufokea.

Ulienda Wang'uru, kule Mwea, kupima magunia ya mchele. Miaka miwili hukukanyaga nyumbani. Mama aliuliza, nikamwambia umekasirika tu, utarudi. Nilikuandikia mara mbili, barua za hewa tupu, habari za mvua na ng'ombe, na ukajibu mara mbili, habari za mchele na mbu. Hukuniuliza. Laiti ungeniuliza! Ungenitukana hata kwa neno moja ningelipokea kama maji ya kunywa.

Mtu wa Nyeri hana kinga ya mbu wa Mwea, kila mtu anajua. Malaria ilikuchukua kwa siku nne. Tulikuzika mwezi wa nne, na wakati jeneza linateremka mwanamke mmoja nyuma yangu alimnong'onezea mwenzake, "Si ndio huyu aliua mgonjwa na kompyuta?" Nilisikia. Nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo. Nikaendelea kuimba.

Siku hizi nina kazi nyingi kuliko zamani. Kila ofisi kutoka Nyeri mpaka Nanyuki inaogopa mashine zitazimika mwaka elfu mbili ukiingia, na wananiita mimi niwaokoe. Nina vijana watano. Nimejaribu kurekebisha nilichoharibu: asubuhi mdogo kabisa ndiye huongea kwanza, mimi wa mwisho, na hakuna maombi mpaka kila mtu aseme kitu kimoja kinachomtia hofu. Akikosa cha kusema, hatuendelei. Wageni husifu, wanasema nina timu nzuri. Lakini wiki iliyopita msichana mmoja alinitazama usoni akasema, "Iko sawa, Madam," na nikaona macho yako. Nimewafundisha kuongea, na bado wananiogopa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema anayemfanya mtu ayafiche atafanywaje.

Kwa hivyo Jumamosi iliyopita nilienda Wamagana. Nilitaka kumwona Muthoni, binti wa marehemu Wangari, nimwambie mwenyewe. Nilimpata shambani anachuna chai, kikapu mgongoni. Hakuniacha niketi. Nilisimama katikati ya michai nikasema yote, maombi, Abdi, kamati. Nikasema, "Kijana aliniambia. Mimi ndiye niliyeyanyamazia. Halafu nikamsingizia."

Mikono yake haikuacha kuchuna. "Kijana gani? Gathogo wa Wang'uru?"

Nilishtuka. Nikamuuliza alikujulia wapi.

"Kwani hukujua? Alikuwa anakuja hapa kila mwisho wa mwezi na mfuko wa mchele. Siku ya kwanza alisimama pale kwa gate akasema, 'Ni mimi niliandika ile kitu iliua mama yenu. Nipeni kazi.' Ndugu zangu walimchapa. Akaamka, akajipanguza, akauliza tena. Nikampa kikapu."

Miaka miwili, Gathogo. Ulikuwa unapita Nyeri kila mwezi, ukienda na ukirudi, na hukuja kwa mlango wangu.

"Tulimuuliza," Muthoni akasema, "kama alikuwa na mkubwa wake kwa hiyo kazi. Alisema hakuwa na mkubwa. Ati alikuwa anafanya pekee yake."

Nikashika mchai. Yeye akanikazia macho sasa. "Na mbona ameacha kuja? Tangu hiyo mwezi ya tatu hatujamwona."

Nikamwambia. Hakuna aliyewaletea habari za kifo chako, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna mtu huku wa kuambiwa.

Muthoni alitua kikapu. Akaketi chini, majani yakamwagika, akalia kwa kilio kile cha matanga, mikono kichwani, na hakuwa ananililia mimi wala mama yake. Alipoweza kuongea alisema, "Kila mwezi akimaliza kuchuna alikuwa ananiomba nimsamehe. Kila mwezi nilikataa. Nilikuwa nimepanga akija tena nimwambie yameisha."

Nilipiga magoti hapo kwa udongo nikanyoosha mkono. Hakuushika.

"Enda nyumbani, mama," akasema. "Huyo nilikuwa nimemsamehe. Wewe sikujui."

Nikaenda nyumbani. Nimekaa siku tatu ndipo nimeweza kushika kalamu. Nakala moja ya barua hii nitaipeleka kwa kamati ya hospitali, nyingine kwa Abdi, na Jumapili mchungaji amekubali niisome pale Chaka, mama akiwa ameketi benchi ya mbele. Atajua siku hiyo kwamba mtoto wake mmoja alimzika mwingine akiwa hai bado. Sijui kama ataniita tena mtoto wake. Lala, mdogo wangu, hakuna tena cha kunibebea.

Ni mimi dada yako, uliyemwambia,
Nyokabi